Nyimbo Tatu Kizimbani Arusha

Kati ya Septemba 2006 na Novemba 2007, katika jengo la mikutano la AICC mjini Arusha, lile lenye mabawa matatu yaitwayo Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, majaji watatu wa Umoja wa Mataifa walipewa kazi ambayo majaji hupewa mara chache. Walitakiwa kuusikiliza muziki kama ushahidi. Mashairi ya Kinyarwanda yalifasiriwa mstari kwa mstari, majina ya wahusika wa kubuni yakachambuliwa, na wataalamu wa lugha wakabishana juu ya neno ambalo mchezaji ngoma angelipita bila kulifikiria. Kizimbani alikuwamo Simon Bikindi, mtunzi na mwimbaji aliyewahi kupendwa kuliko wengi nchini Rwanda. Nyimbo zake tatu hazikuwa na kiti mahakamani, lakini nazo zilikuwa zinashtakiwa.

Watu hubishana tangu zamani kama kazi ya sanaa inaweza kutengwa na maovu ya aliyeitengeneza. Aghalabu mabishano hayo huwa juu ya mtu mbaya na kazi isiyo na kosa. Msanii amepiga, ameiba, amedhulumu. Wimbo wenyewe unazungumzia mapenzi. Novemba 2004 mahakama ya Bobigny, karibu na Paris, ilimtia hatiani Papa Wemba kwa kusaidia watu kuingia Ulaya kinyume cha sheria wakijifanya wanamuziki wa bendi yake. Redio za Kinshasa, Dar es Salaam na Nairobi ziliendelea kumpiga, na alipoanguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016 akafariki, Afrika nzima ilimlilia. Kosa lake na sauti yake vilikuwa vitu viwili, na msikilizaji hakupata tabu kuviweka mbalimbali.

Kesi ya Bikindi haikuwa hivyo. Hapa wimbo wenyewe ndio uliodaiwa kuwa na mkono katika maovu.

Bikindi alizaliwa mwaka 1954 katika wilaya ya Rwerere, mkoa wa Gisenyi, kaskazini-magharibi ya Rwanda, eneo walikotoka watawala wengi wa wakati wa Rais Juvénal Habyarimana. Aliajiriwa katika wizara iliyoshughulikia vijana na michezo, na aliongoza kikundi cha ngoma kilichoitwa Irindiro. Kikundi hicho kilikuwa na Wahutu na Watutsi pamoja, jambo ambalo utetezi wake ungelitumia miaka mingi baadaye. Kilicheza katika sherehe za taifa na katika shughuli za watu wa kawaida. Bikindi alikuwa na kipaji cha kuchukua ngoma ya kale, yenye makofi na vigelegele vyake, akaichanganya na mitindo mipya hata kijana wa mjini akaipokea kama yake. Hakuna haja ya kumnyima sifa hiyo. Ni sifa iliyofanya yaliyofuata yawezekane, maana wimbo mbovu haubebi ujumbe mbali.

Wimbo wa kwanza kati ya hizo tatu, Twasezereye, aliutunga mwaka 1987 kwa ajili ya miaka 25 ya uhuru. Jina lake lina maana ya kuaga, na kilichoagwa ni utawala wa kifalme wa Watutsi na ukoloni wa Kibelgiji. Kwa wakati ule ulisikika kama nyimbo nyingine za sherehe za serikali. Kisha Oktoba 1990 jeshi la RPF, ambalo wengi wake walikuwa watoto wa Watutsi waliokimbilia Uganda kuanzia mwaka 1959, likavuka mpaka na vita vikaanza. Hapo kuaga kukawa na maana nyingine. Wimbo uleule ulioimbwa kushangilia yaliyopita ukageuka onyo kwamba yaliyopita yanarudi.

Nyimbo mbili zilizofuata zilitungwa ndani ya vita hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nanga Abahutu ni lawama kwa Wahutu waliosahau, kwa maoni ya mtunzi, kuwa wao ni Wahutu: waliojishusha, waliodharau wenzao, waliokubali kununuliwa. Bene Sebahinzi, yaani wana wa Sebahinzi, unalihusu jina lenye maana ya baba wa wakulima. Katika Rwanda ya wakati ule, ambako siasa ilikuwa imemfanya Mhutu kuwa mkulima na Mtutsi kuwa mfugaji, hakuna aliyehitaji kuelezwa wana hao ni akina nani.

Msikilizaji wa Kiswahili anaifahamu mbinu hii vizuri. Taarabu ya pwani imejengwa juu ya mafumbo, na katika mipasho mwimbaji humkata mtu maini ukumbini bila kumtaja jina. Akiulizwa, husema ameimba tu, na kama kuna mtu ameona kofia inamfaa, basi aivae. Kila aliyekaa ukumbini anajua nani amepigwa. Fumbo humlinda mtunzi na kumfikia mlengwa kwa wakati mmoja. Ukumbini Zanzibar au Tanga matokeo yake huwa ugomvi wa mitaa miwili. Bikindi alikuwa na fumbo lilelile, lakini mlengwa wake alikuwa jamii nzima, na nyuma yake kulikuwa na serikali, wanamgambo na redio.

Redio hiyo ni RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Kigali Julai 1993, mwezi mmoja kabla ya serikali ya Rwanda na RPF kutia saini mkataba wa amani tarehe 4 Agosti, katika mji uleule wa Arusha. RTLM haikuanza kwa kupiga kelele. Ilianza kwa kuchangamsha. Redio ya taifa ilikuwa na sauti kavu ya ofisi. Hii mpya ilipiga muziki wa Zaire, watangazaji wake walitaniana, na maneno ya mitaani yalipewa nafasi. Vijana waliipenda. Katikati ya ucheshi huo ndimo yalimopenyezwa maneno ya kumwita Mtutsi nyoka na mende, na katikati ya maneno hayo zilipigwa nyimbo za Bikindi. Hakuna hotuba inayorudiwa mara kumi kwa siku bila kumchosha msikilizaji. Wimbo hurudiwa, na mtu akauimba mwenyewe jikoni na shambani.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Habyarimana ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Katika siku mia moja hivi zilizofuata waliuawa watu 800,000 kwa hesabu inayotajwa sana na Umoja wa Mataifa. Serikali ya Rwanda inahesabu zaidi ya milioni moja. Kwenye vizuizi vya barabarani wauaji walikuwa na panga mkono mmoja na redio ndogo ya betri mkono wa pili. RTLM ilitaja majina, ilitaja mahali watu walipojificha, kisha ikapiga muziki.

Bikindi mwenyewe, sehemu kubwa ya siku hizo, hakuwapo. Aliondoka nchini mwanzoni mwa Aprili, siku chache kabla ya ndege kuanguka, na kurudi Juni. Nyimbo zilibaki zikifanya kazi bila mwenyewe. Katika historia yote ya mabishano juu ya msanii na kazi yake, ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huu wa kazi iliyotengana na mtunzi wake kwa mwili na kwa umbali, ikaendelea kuua.

Aliporudi, mwishoni mwa Juni, alipita barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, huko Gisenyi, akiwa katika msafara wa wanamgambo wa Interahamwe. Moja ya magari lilikuwa na vipaza sauti, na nyimbo zilizokuwa zikipigwa humo zilikuwamo zake. Kwa mujibu wa mahakama, alitumia vipaza sauti hivyo kuwaambia Wahutu wainuke wawamalize Watutsi, na wakati wa kurudi akawauliza wananchi kama walikuwa wameendelea kuwaua, akiwaita nyoka. Hapo hapakuwa na fumbo tena. Mtunzi aliyezoea kuficha kisu ndani ya methali alisimama barabarani akakitoa nje.

Baada ya RPF kushinda vita alikimbilia uhamishoni, na hatimaye akafika Uholanzi akiomba hifadhi. Julai 2001 alikamatwa katika mji wa Leiden. Machi 2002 alihamishiwa Arusha kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama kwa azimio namba 955 la tarehe 8 Novemba 1994. Mahakama hiyo ilikuwa imeshaandika historia: Septemba 1998 ilimtia hatiani meya Jean-Paul Akayesu, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, na Desemba 2003 ikawatia hatiani waanzilishi wawili wa RTLM, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, Hassan Ngeze. Mwandishi wa habari alikuwa ameshahukumiwa, mwenye redio pia. Aliyebaki alikuwa mwimbaji.

Mashtaka yalikuwa sita. Upande wa mashtaka ulieleza kwamba Bikindi alitunga silaha na kuwakabidhi wauaji. Utetezi ulijibu kwamba alikuwa msanii, kwamba nyimbo zake zilizungumzia historia na umoja, na kwamba mtunzi hawezi kubebeshwa kila anachokifanya mwingine na kaseti yake. Hoja hizi mbili mtu anaweza kuzisikia leo kijiweni popote, mwimbaji fulani anapozungumzwa. Tofauti ni kwamba Arusha zilipaswa kuthibitishwa bila kuacha shaka, na jawabu lake lilikuwa na uzito wa miaka ya mtu gerezani.

Hukumu ilisomwa tarehe 2 Desemba 2008. Inafaa kuisoma polepole, kwa sababu ilifanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia.

Majaji walikubali kwamba nyimbo zote tatu ziliipotosha historia ya Rwanda ili kukuza mshikamano wa Wahutu. Walikubali kwamba Nanga Abahutu na Bene Sebahinzi zilitungwa kueneza propaganda dhidi ya Watutsi na kuchochea chuki. Walikubali pia kwamba kupigwa kwake hewani mwaka 1994 kulizidisha mauaji. Hata hivyo hawakumtia hatiani kwa nyimbo hizo. Kwanza, mamlaka ya mahakama yalihusu matendo ya mwaka 1994 pekee, kuanzia Januari mosi hadi Desemba 31, na nyimbo zilikuwa zimetungwa kabla. Pili, haikuthibitika bila shaka kwamba alipozitunga alikusudia hasa kuchochea mauaji ya kimbari, wala kwamba yeye ndiye aliyeamua zipigwe redioni mwaka huo. Kosa pekee lililomfunga ni yale maneno ya barabarani, kati ya Kivumu na Kayove: uchochezi wa moja kwa moja na wa hadhara. Katika mashtaka matano mengine hakuonekana na hatia. Alipewa miaka 15, na tarehe 18 Machi 2010 Mahakama ya Rufaa ikaithibitisha adhabu hiyo.

Kwa hiyo Arusha ndiko msanii na sanaa yake walikotenganishwa rasmi, kwa muhuri wa Umoja wa Mataifa. Mwimbaji alifungwa na wimbo ukaachiwa.

Wako manusura waliouona uamuzi huo kama tusi, na si vigumu kuwaelewa. Mtu aliyejificha juu ya dari siku kumi huku redio ya jirani ikiimba, hawezi kuambiwa kwamba wimbo ule hauna kosa kwa sababu ulirekodiwa mwaka mmoja mapema. Lakini majaji walifanya sawasawa. Sheria inayomfunga mtu kwa shairi la mafumbo, kwa kukisia kilichokuwa moyoni mwake alipolitunga, ni sheria ambayo kesho itamfikia kila mtunzi asiyependwa na wakubwa, na Afrika Mashariki imeona watunzi wengi wa namna hiyo. Kosa ni kudhani kwamba hukumu hiyo ilimaliza swali. Mahakama iliulizwa kama mtu huyu alitenda kosa fulani ndani ya mwaka fulani. Haikuulizwa kama wimbo huu unafaa kupigwa arusini.

Swali hilo la pili limejibiwa na masikio, na masikio yana kumbukumbu yake. Mfano wake unatoka mbali na Rwanda. Mwanamuziki wa Ujerumani Richard Wagner alifariki Venice mwaka 1883, miaka 50 kabla ya Hitler kushika dola. Alikuwa ameandika makala ya chuki dhidi ya Wayahudi mwaka 1850, akitumia jina la bandia, na mwaka 1869 akaitoa tena kwa jina lake mwenyewe. Hakumuua mtu. Lakini Wanazi waliufanya muziki wake kuwa wao, na Novemba 1938, siku chache baada ya masinagogi ya Ujerumani kuchomwa moto, okestra ya Wayahudi wa Palestina iliuondoa muziki wake kwenye ratiba ya onyesho. Desturi hiyo iliendelea katika nchi ya Israeli. Julai 2001 Daniel Barenboim, yeye mwenyewe Myahudi, aliwauliza wasikilizaji wa Jerusalem kama wangependa kusikia kipande cha Wagner baada ya onyesho kumalizika. Yakazuka majibizano ya karibu nusu saa. Baadhi walitoka wakibamiza milango, wengi wakabaki na kupiga makofi. Hakuna sheria inayokataza. Kinachokataza ni waliokuwepo, na watoto wa waliokuwepo.

Rwanda ilichagua njia yake. Nyimbo za Bikindi hazipigwi redioni, na sheria za kupambana na itikadi ya mauaji ya kimbari, ya kwanza ikiwa ya mwaka 2008, zinamweka hatarini anayezieneza. Nchi ikaubadilisha hata wimbo wa taifa. Rwanda Rwacu, ulioimbwa tangu uhuru wa 1962, ulionekana umefungamana mno na siasa za utengano, na Januari 2002 mahali pake pakachukuliwa na Rwanda Nziza. Mashairi ya wimbo huo mpya yaliandikwa na kundi lililoongozwa na Faustin Murigo, kutoka gereza la Karubanda huko Butare. Taifa lililokuwa limejaza magereza yake washukiwa wa mauaji lilikubali maneno ya wimbo wake mkuu yatoke nyuma ya ukuta wa gereza. Wimbo ulipimwa kwa unachosema na kwa unachokusudiwa kufanya, bila kutazama mahali ulikotungiwa.

Na kipimo hicho kisipotumika, mlango wa kunyamazisha hufunguka mno. Machi 2014 Kizito Mihigo, manusura wa mauaji ya kimbari aliyefahamika nchi nzima kwa nyimbo za upatanisho, alitoa wimbo uliowakumbuka pia waliouawa kwa mikono mingine. Uliondolewa hewani. Alikamatwa mwezi uliofuata, akahukumiwa mwaka 2015 kwa njama dhidi ya serikali, akasamehewa mwaka 2018, na Februari 2020 akafia mahabusu ya polisi. Polisi walisema alijiua. Mashirika ya haki za binadamu yalidai uchunguzi huru. Nyimbo za Bikindi na wimbo wa Mihigo zote zilizimwa redioni, lakini kuziweka kapu moja ni dhuluma. Zile zilihesabu watu wa kuchukiwa, huu ulihesabu wafu wa kuombolezwa.

Kenya nayo iliupata mtihani huu baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007. Sheria ya utangamano wa kitaifa ilipitishwa mwaka 2008, na mwaka 2012 wanamuziki watatu waimbao kwa Kikuyu walifikishwa mahakamani kwa madai kwamba nyimbo zao zilichochea chuki. Mabishano yalikuwa yaleyale ya Arusha: mhusika wa wimbo ni nani, methali ile inamlenga nani, na ni nani mwenye haki ya kufasiri fumbo la lugha ambayo si yake.

Kuzima wimbo redioni si sawa na kuufuta. Mwaka 2011 mwongozaji wa tamthilia kutoka Uswisi, Milo Rau, aliijenga upya studio ya RTLM jukwaani, vichekesho na muziki wake wote, ili watazamaji wasikie jinsi chuki ilivyokuwa inaburudisha. Ni jambo la kuogofya na ni la lazima. Kijana wa leo wa Kigali, Bujumbura au Goma anayeambiwa tu kwamba zamani kulikuwa na redio mbaya, hatajua kwamba redio hiyo ilikuwa tamu. Atangojea ubaya uje na sura mbaya, na utampita mlangoni ukiwa umevaa nguo za sherehe.

Desemba 2018 Bikindi alifia Benin, nchi aliyopelekwa kutumikia kifungo chake. Mahakama ya Arusha ilikuwa imefungwa tangu mwisho wa mwaka 2015. Kumbukumbu zake zilihamishiwa Lakilaki, nje kidogo ya mji, katika majengo ya Umoja wa Mataifa yaliyofunguliwa Novemba 2016. Humo zimehifadhiwa sauti na maandishi ya kesi zote, pamoja na nyimbo zilizotolewa kama vielelezo. Hapo mtafiti anaweza kuzisikiliza akiwa na tafsiri, tarehe na ushahidi wa waliozisikia mwaka 1994. Hapo ndipo pake, wala si redioni.